Fungua Uani, Piga Presi Malindi

Mwenye gari bovu hapa Marafa, pwani ya Kenya, huujua ubovu wake akishakanyaga lami. Huku ndani, kwenye njia za mchanga na kokoto, gari zima hulia: mlango uliolegea, viti, jeki inayobingirika kwenye buti, galoni tupu la maji. Ngoja uteremke mpaka barabara kuu ya Malindi na Lamu, uelekee daraja la Sabaki, tairi zitulie na mwendo ufike kilomita 70 kwa saa. Kelele za vumbi zinakatika na sauti moja inabaki: mvumo mzito, kama wa ndege inayopita mbali isiyokwisha kupita. Ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Wengi wetu hufanya nini? Huongeza redio.

Mvumo huo mara nyingi ni beringi ya gurudumu, na makala haya ni ya yule anayetaka kuibadilisha mwenyewe nyumbani. Nimeibadilisha kwenye gari langu zaidi ya mara moja, vibaya kwanza, kisha vizuri. Neno langu ni hili: kazi hii ina sehemu mbili. Kufungua na kufunga ni kazi ya uani, na mtu mwenye subira na spana anaiweza. Kuitoa beringi kuukuu na kuiingiza mpya ni kazi ya mashine ya presi, na kutoka Marafa presi ya karibu ya kutegemea iko Malindi. Anayetaka kumaliza yote chini ya mwarobaini kwa nyundo anajitafutia kazi ya pili.

Najua kwa sababu nilijitafutia. Mara ya kwanza nilikuwa na soketi, nyundo ya kilo mbili na kiburi. Nikaegemeza kipande cha bomba la maji juu ya beringi mpya, nikagonga. Jirani yangu, mzee aliyewahi kuwa fundi wa matrekta, alikuwa amekaa kwenye kigoda akinitazama.

"Mwanangu," aliniuliza, "hiyo unaifunga au unaiua?"

"Si inaingia, baba?"

"Kuingia itaingia. Hata msumari huingia."

Iliingia kweli, gurudumu likazunguka laini, nikamwonyesha. Hakusema kitu. Kabla mwezi haujaisha, mvumo ulikuwa umerudi, mkali kuliko wa awali.

Kosa langu lilikuwa nini? Utotoni sote tumecheza gololi, na wengine tumefukua gololi za chuma kutoka beringi mbovu za mikokoteni. Beringi ni hizo gololi, zimepangwa kati ya pete mbili za chuma kigumu, zikatengwa na kizuizi chembamba ili zisigongane, zikatiwa grisi na kufunikwa kwa sili pande zote. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1794 Philip Vaughan, Muwelsh wa Carmarthen, alipewa hataza ya kuweka gololi kwenye ekseli ya gari la farasi. Siri yake ni kwamba gololi hubingirika badala ya kuteleza, tena hugusa pete mahali padogo mno, kama ncha ya kalamu, kwa hiyo msuguano ni mdogo sana. Lakini udogo huohuo ndio hatari. Ukigonga pete ya ndani ili pete ya nje iingie mahali pake, nguvu ya nyundo yote hupita ndani ya gololi, na kila gololi huacha kidimbwi kwenye njia yake. Hukioni kwa macho, wala mkono hausikii chochote ukiizungusha. Tairi la gari dogo huzunguka zaidi ya mara 500 kwa kila kilomita. Zidisha kwa safari ya Malindi na kurudi, halafu fikiria gololi zinaanguka kwenye vidimbwi hivyo kila mzunguko. Chuma huanza kumeguka maganda, na hapo ndipo ndege inapoanza kupita.

Hata beringi iliyofungwa vyema ina maadui wengi kwetu. Wa kwanza ni mzigo. Toyota Probox, gari ambalo ndilo farasi wetu, lilitoka Japan mwaka 2002 likiwa gari la mizigo la kubeba kilo 400. Msimu wa maembe sote tunajua linabeba nini. Wa pili ni vumbi. Nyari, lile bonde la rangi ambalo wageni huliita Jiko la Jehanamu na hulipa kulitazama jua likizama, ni mchanga uliochongwa na mvua, na mvua bado inachonga. Mchanga huo laini ndio unaopeperuka njiani, ukajibanza kwenye mdomo wa sili na kuusaga kama msasa. Wa tatu ni chumvi, hasa kwa wanaofanya kazi upande wa Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi. Huko nimeona nati za gurudumu zimeliwa zikabaki duara kama gololi.

Lakini adui mkuu ni maji ya masika. Umeendesha nusu saa, habu, yaani kitovu cha gurudumu, imepata moto, unakuta njia imekatwa na maji, unaingia. Habu inapoa ghafla, hewa iliyo ndani ya beringi inajikunja, na beringi inavuta maji kupitia sili kama mtu anayenyonya dafu kwa mrija. Maji yakishaingia hayatoki. Kwa hiyo mvumo unaousikia mwezi wa Agosti huenda ulianzia kwenye dimbwi ulilolipita mwezi wa Mei. Kama ni lazima kuvuka, simama kwanza, habu zipoe kidogo, halafu vuka taratibu.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni beringi, tena ujue ni ya gurudumu gani. Mvumo wa tairi lililolika vibaya unafanana sana na wa beringi, na nimeona watu wakibadilisha beringi mbili nzima kwa sababu ya tairi. Tofauti yake ni hii: sauti ya tairi hubadilika barabara inapobadilika, lami mpya na lami ya zamani hazilii sawa. Ya beringi haijali lami, inajali mwendo na uzito. Mahali palipo wazi na pasipo na gari jingine, yumbisha usukani polepole kulia na kushoto. Ukikata kushoto, uzito wa gari hulalia magurudumu ya kulia, basi mvumo ukizidi hapo, mtuhumiwa yuko kulia. Ukikata kulia na mvumo ukazidi, yuko kushoto.

Ukifika nyumbani, inua gari, shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki nawe utikise tena. Kama mchezo umepotea, ni beringi. Kama umebaki, tazama bolijointi. Mchezo wa kushoto na kulia tu, mara nyingi ni wa tairodi. Kuna jaribio jingine ninalolipenda kuliko yote: weka vidole kwenye springi ya shoki huku ukizungusha tairi kwa mkono wa pili. Springi hupokea mtetemo wa beringi na kukuletea vidoleni. Beringi nzima ni kimya kama maziwa, mbovu inakwaruza kama kokoto ndani ya kopo. Linganisha na upande wa pili ndipo uhukumu. Mvumo mtupu unakupa nafasi ya kujipanga, lakini gurudumu likicheza mkononi, gari lisitoke tena uani mpaka kazi iishe.

Sasa kununua. Nenda na namba ya chesisi, wala usitosheke na "ya Probox". Gari la mwaka mmoja na la mwaka mwingine, lenye ABS na lisilo nayo, huenda yana beringi tofauti. Ukiweza kusubiri, chukua ya zamani mkononi ufananishe upana, tundu la ndani na duara la nje. Koyo, NSK na NTN ni Wajapani ambao beringi zao utazikuta mara nyingi kwenye magari haya yanapotoka kiwandani, na kwa sababu hiyohiyo ndio wanaoigwa zaidi. Kenya ina Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi tangu 2008 na mamlaka ya kuisimamia, ila siku unayonunua, mkaguzi ni wewe. Tazama namba iliyochorwa kwenye pete yenyewe: isomeke wazi, ifanane na ya kwenye boksi, isifutike kwa kidole chenye petroli. Zungusha: isikwame, isilie, isionyeshe grisi inayovuja. Kama bei ni nusu ya bei ya maduka mengine matatu, muuzaji amekwisha kukwambia ukweli. Beringi iliyotolewa kwenye gari la mtumba usiichukue hata kwa zawadi. Haiwezi kutolewa habuni bila kuumizwa, na aliyeitoa hakuwa na sababu ya kuionea huruma.

Nunua pamoja nayo nati mpya ya ekseli, kwa sababu ile iliyogongwa mdomo ili isifunguke ni ya kutumika mara moja. Nunua na kotapini za tairodi, na ile pete ya kubania beringi kama haikuja ndani ya boksi. Kisha acha beringi ndani ya karatasi yake. Kuna mafundi wanaosafisha beringi mpya kwa petroli "kutoa mafuta ya kiwandani" ili watie grisi yao. Beringi yenye sili hutoka na grisi yake ya maisha, na petroli huiondoa.

Uani kwenyewe, jambo la kwanza ni ardhi. Kwetu ni mchanga, na jeki huzama. Tafuta ubao mnene, upana wa mikono miwili, uuweke chini ya jeki. Weka kabari magurudumu ya nyuma. Gari likishainuka, liweke juu ya stendi za chuma. Huna? Azima. Nimeona gari limekalishwa juu ya jiwe la kujengea, lile la matumbawe tunalochimba hapa pwani, na jiwe hilo hupasuka bila kuaga. Tofali la simenti lenye matundu ni hivyohivyo. Tairi la akiba nalo lilaze chini ya ubavu wa gari, likuokoe kama stendi ikikosea. Watoto wasikaribie, wala asiingie mtu kwenye gari kukanyaga breki baada ya kalipa, chuma kinachobana pedi za breki, kutoka, maana pistoni yake itaruka na utakuwa na kazi nyingine ambayo hukuipanga.

Nati ya ekseli ilegeze kabla gari halijainuliwa. Kwenye Toyota nyingi ndogo inataka soketi ya 30. Kwanza unyanyue ule mdomo uliogongwa kwa tindo nyembamba, kisha ingiza soketi, chomeka bomba refu kwenye mpini, mtu akanyage breki, nawe ulalie bomba. Usiruke juu yake. Kama imekataa, iloweshe kwa mafuta ya kulegeza kutu jioni ukalale, asubuhi huwa na adabu zaidi.

Baada ya hapo ni kufungua kwa mpangilio. Toa tairi. Fungua bolti mbili za kalipa, uitundike kwenye springi kwa waya. Isining'inie kwa mpira wake hata dakika moja. Toa diski. Kama kuna waya wa ABS, fungua kihisi chake kwa upole, ni cha plastiki na joto la pwani limekwisha kukikausha. Toa kotapini na nati ya tairodi, kisha gonga ubavu wa chuma kinachoishika, wala si ncha yenye nyuzi. Inaanguka yenyewe. Fungua bolijointi ya chini. Kwenye bolti mbili za shoki, kabla hujazigusa, kwaruza alama kwa msumari kuonyesha zilivyokaa, kwa sababu pembe ya gurudumu inategemea hapo, kisha zifungue. Sasa ile nako, chuma kizito kinachobeba habu, beringi na breki pamoja, inashikwa na shafti ya ekseli tu. Acha nati ya ekseli kwenye ncha ili kulinda nyuzi, gonga juu yake kwa nyundo ya mpira au kwa kipande cha mti, shafti irudi ndani. Usiivute shafti kuelekea kwako, kiungo chake cha ndani kitaachana. Ifunge kwa kamba ikae sawasawa.

Mara ya kwanza ilinichukua kuanzia saa mbili asubuhi hadi baada ya adhuhuri. Sasa ni saa moja na nusu, pamoja na chai.

Nako safisha hapohapo kwa brashi ya waya na mafuta ya taa kabla hujaipeleka popote. Usiende mjini na mchanga wa Marafa kwenye kipande kinachokwenda kupokea beringi mpya. Funga kwenye gunia, panda matatu.

Kule kwenye presi, ushauri wangu mkubwa ni kutokwenda kunywa chai. Simama hapo. Mwenye presi ni fundi, umheshimu, lakini ana foleni, na mtu mwenye foleni hukata njia. Wewe una maswali mawili tu. Beringi inapoingia kwenye nako, je, nguvu inashuka kwenye pete ya nje? Na habu inapoingia kwenye beringi, je, pete ya ndani imeegemezwa kutoka chini? Majibu yakiwa ndiyo mara mbili, gololi hazitabeba hata kilo moja ya presi. La pili ndilo husahaulika. Nako huwekwa juu ya vyuma viwili pembeni, habu husukumwa kutoka juu, na nguvu yote inapita kwenye gololi. Kosa hilohilo langu la nyundo, safari hii kwa tani kadhaa. Mwambie kwa adabu: "Fundi, naomba uegemeze pete ya ndani." Akijua kazi yake atakuheshimu kwa swali hilo. Asipojua, chukua gunia lako.

Mambo mengine ya hapo ni madogo lakini yana maana. Habu inapotolewa, nusu moja ya pete ya ndani ya beringi ya zamani mara nyingi hubaki imeng'ang'ania. Fundi ataichana kwa grinda upande mmoja, kisha ataipasua kwa tindo. Aishie kabla ya kufika kwenye habu, mkwaruzo hapo huharibu mahali beringi mpya inapokaa. Pete ya kubania itolewe kabla ya kusukuma, kuna waliosukuma wakaisahau na kupasua nako. Pete ya nje ya beringi kuukuu inafaa sana kusukumia mpya, kwa sababu ina duara lilelile, ila ichanwe kidogo isije ikanasa humo. Na kama gari lako lina ABS ya sumaku, upande mmoja wa beringi una ukanda mweusi wenye sumaku ndogondogo. Upande huo hutazama ndani, kwenye kihisi. Ukikaa nje, taa ya ABS itawaka na itabidi uanze upya kwa beringi nyingine. Uguse kwa kipini kidogo cha chuma, kikivutwa umeupata.

Kuna wanaoweka beringi kwenye friji usiku mzima ili ijikunje na iingie kwa urahisi. Ni kweli inasaidia, na mwenye duka la samaki hatakunyima nafasi. Ifunge ndani ya mfuko wa plastiki uliobanwa, la sivyo ikitoka kwenye joto letu itatokwa na jasho na kushika unyevu. Kupasha beringi kwa moto wa gesi ni jambo jingine kabisa. Chuma chake huanza kuharibika joto likizidi nyuzi 120 hivi, na sili huweza kuharibika kabla ya hapo.

Si kila gari linahitaji safari hii. Nyuma, Toyota nyingi za aina hii zina habu na beringi zikiwa kitu kimoja, kinachofungwa kwa bolti nne. Hiyo ni kazi ya uani mwanzo hadi mwisho, haina presi. Vilevile pikapu za zamani na trela hutumia beringi za koni, ambazo Henry Timken alizipatia hataza Marekani mwaka 1898. Hizo unazisafisha, unazishindilia grisi kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili, unakaza nati huku unazungusha gurudumu ili zikae, unailegeza, kisha unaikaza tena kwa nguvu ya vidole tu na kuifungia kotapini mpya. Ukizikaza kama nati ya Probox, utaziona zikivuta moshi kabla ya Mambrui.

Umerudi nyumbani na nako yako. Kufunga ni kufungua kinyumenyume, alama za msumari zikutane, kotapini zote mpya. Linalohitaji maelezo ni ile nati ya ekseli, kwa sababu ndiyo inayobana nusu mbili za pete ya ndani zikae pamoja. Ikilegea, beringi hufa. Na gari lisiguse ardhi kwa uzito wake kabla nati hiyo haijakazwa, hata kwa kulisogeza hatua mbili kivulini.

Toyota nyingi ndogo za kuvuta kwa mbele hutaka nati hiyo ikazwe kwa Nm 216. Thibitisha kwenye kitabu cha gari lako. Spana ya kupima nguvu ukipata ya kuazima ni bora. Ukikosa, kuna hesabu ya jirani yangu yule mzee, ambaye mara ya pili hakukaa kwenye kigoda. Nm 216 ni sawa na uzito wa kilo 22 uliotundikwa mita moja kutoka katikati ya nati. Maji ya lita 20 yana kilo 20. Ongeza uzito wa ndoo yenyewe na sehemu ya uzito wa bomba, umefika. Rudisha diski na kalipa, kanyaga breki mara kadhaa pedi zikamate, kisha mtu aishikilie breki. Chomeka bomba kwenye mpini wa soketi, pima mita moja kwa utepe, tia alama. Chimba kishimo mchangani chini ya alama ili ndoo isiguse chini. Bomba likiwa limeinuka kidogo kupita usawa, tundika ndoo na uiachie taratibu kwa mikono miwili. Likishuka chini ya usawa, toa ndoo, rudisha soketi juu, tundika tena. Pale bomba linapobaki limelala sawa na upeo wa macho, na ndoo imening'inia kimya, nati imefika. Gonga mdomo wake kwenye mfereji wa shafti, kazi imekwisha.

Rudisha tairi. Nati zake zinataka Nm 103, yaani takriban ndoo ileile ikisogezwa hadi nusu mita. Zikaze kwa msalaba, si kwa mzunguko.

Zungusha gurudumu kwa mkono kabla hujateremsha gari, vidole kwenye springi. Usikilize. Kisha kanyaga breki mpaka pedali iwe ngumu, ndipo uwashe. Safari ya kwanza iwe fupi: nenda mpaka Nyari urudi, uguse habu zote mbili za mbele kwa mgongo wa mkono. Ziwe na joto linalofanana. Moja ikikuunguza, au breki imekwama au kuna kilichobanwa vibaya. Baada ya kwenda Malindi na kurudi kwa mara ya kwanza, kaza tena nati za tairi, na ukiwa huko mjini pitia alaimenti, maana tairodi na shoki vilifunguliwa.

Beringi niliyoiua kwa nyundo niliwapa watoto wa jirani. Waliifanya gurudumu la kigari cha mti, na bado inavuma kila wakipita. Wewe ukisikia mvumo wiki hii, usingoje maembe yaishe shambani. Fungua Ijumaa, Jumamosi asubuhi uwe Malindi na gunia lako, kabla foleni ya presi haijawa ndefu.